Kwenda kahawa na mbwa Tokyo: mwongozo kamili, toka unajiandaa nyumbani mpaka unalipa na kuondoka

Wengi wetu tumekulia mitaa ya mageti yaliyoandikwa MBWA MKALI, na mbwa ni wa nje, analala nje, anakula nje. Sasa siku ya kwanza unaingia kamgahawa ka mtaani hapa Tokyo unakuta mbwa watatu wamelala chini ya meza kimyaa, hakuna anayebweka, alafu mama mwenye mgahawa anapita na bakuli la maji anamwekea mbwa kwanza ndo anarudi kukuletea wewe kitaulo chako cha kunawia, aisee unabaki umesimama mlangoni hujui ukae wapi.

Mi naishi Setagaya, wilaya moja ya hapa Tokyo, ghorofa ya chini kwenye nyumba ya bibi mmoja ambaye ana mbwa aina ya shiba, anaitwa Kinako, miaka tisa. Magoti ya bibi yameanza kusumbua, kwa hiyo mwaka wa pili huu mi ndo namtembeza Kinako na kila Jumamosi asubuhi tunapita kahawa. Haya ninayoandika nimeyapata huko, mengine kwa kufundishwa na bibi, mengine kwa kukosea.

Kitu cha kwanza uelewe kabla ya hatua zozote. Mbwa haruhusiwi humo ndani kwa sababu tu watu wa huku wanapenda mbwa. Anaruhusiwa kwa sababu wenye mbwa wanaibeba kazi yote wao wenyewe, kufuta, kuokota, kutuliza, kumlinda jirani asiyependa mbwa, yule mwenye mgahawa kazi yake inayoongezeka ni lile bakuli la maji basi. Wateja wakiacha kuibeba ile kazi, kile kibandiko cha mlangoni kinachoruhusu mbwa kinabanduliwa, na kikishabanduliwa hakirudi. Karibu na kwetu kuna sehemu ilikuwa inaruhusu mbwa mpaka ndani, leo ni baraza la nje tu. Kwa hiyo ukifuata hizi hatua unawalindia na wenzako nafasi.

Pia usichanganye mambo. Kuna "dog cafe" za mbwa wa pale pale, unalipia kwa muda kwenda kucheza nao. Kuna zile za wenye mbwa peke yao, zenye uwanja na kila kitu. Mi naongelea mgahawa wa kawaida wa jirani, kahawa na toast, ambao mlangoni umeandika petto dohan OK, yaani karibu na mnyama wako. Humo nusu ya wateja hawana mbwa kabisa na wamekuja kusoma gazeti.

Hatua ya 1: Makaratasi kwanza

Hapa usiruke. Japani ina sheria ya kuzuia kichaa cha mbwa toka 1950, na toka 1957 ugonjwa huo haujasambaa tena humu ndani kwa wanyama, kesi chache za watu zilizoonekana baadae ni za waliong'atwa nje ya nchi. Sisi tuliotoka kwetu ambako kichaa cha mbwa bado kinaua watu tunajua uzito wa hilo jambo. Ukipata mbwa una siku 30 kumsajili manispaa ya mtaa wako, unapewa kibati kinaitwa kansatsu, na kila mwaka anachomwa sindano ya kichaa cha mbwa, kawaida kati ya Aprili na Juni, unapewa kibati kingine. Vyote viwili anavaa mbwa shingoni. Usipofanya faini inaweza kufika yen 200,000. Ukihama wilaya unatoa taarifa tena ndani ya siku 30, hili wageni wengi wanasahau.

Ukiacha hiyo kuna chanjo ya mchanganyiko, ya magonjwa kadhaa kwa pamoja, hii sio lazima kisheria ila migahawa mingi inataka cheti chake kisizidi mwaka mmoja. Piga picha vyeti vyote weka kwenye simu, mimi nna albamu inaitwa Kinako tu, nikiulizwa sekunde tano nimeshaonyesha. Na kama ni jike yupo kwenye joto, usiende naye. Ni wiki chache tu, mwache nyumbani, maana dume mmoja akisikia ile harufu mgahawa wote unaharibika.

Kwa mnaouliza kuhusu kumleta mbwa kutoka Kenya au Tanzania, inawezekana lakini ni safari ndefu: chipu ya utambulisho kwanza, sindano mbili za kichaa, kipimo cha damu, alafu unasubiri siku 180 toka siku damu ilipotolewa, na taarifa kwa karantini ya wanyama unaipeleka angalau siku 40 kabla ya kufika. Anza mwaka mzima kabla.

Hatua ya 2: Mkeka

Hii ndo siri ya wale mbwa watatu wa kimya. Wenye mbwa wa huku wana kitambaa wanakiita kafe matto, kipande cha blanketi tu cha kukunja. Nyumbani unakitandika karibu na meza wakati wewe unakula, unamwambia mbwa fuse, maana yake lala chini, akilala unampa kipande kidogo cha chakula, dakika moja, kesho dakika tatu, wiki ijayo kumi. Kidogo kidogo. Mwisho wa siku mbwa anaelewa kwamba kile kitambaa kikitandikwa, popote pale, kazi yake ni kulala. Bibi alikifua kile cha Kinako kwa maji matupu bila sabuni ya harufu ili kibaki na harufu ya nyumbani, na nimeona kwa macho yangu tofauti, siku nilipokisahau alikaa amesimama nusu saa anatetemeka masikio, siku nipo nacho anazunguka mara mbili anajibwaga.

Maneno ya kutosha ni matatu: osuwari (kaa), mate (subiri), fuse (lala). Kama mbwa wako anasikia Kiswahili sawa tu, hakuna shida, Kinako sasa hivi anaelewa "tulia" vizuri kabisa.

Usimpeleke mgahawani mbwa ambaye hawezi kulala mkekani dakika ishirini nyumbani. Najua inauma, una hamu, lakini utamtesa yeye na utajitesa mwenyewe.

Hatua ya 3: Chagua sehemu, piga simu

Mtandaoni utaona "mbwa OK" lakini hilo neno lina vyumba vingi ndani yake. OK nje tu? OK ndani? OK mbwa mdogo tu? OK akiwa ndani ya begi au kigari tu? Piga simu, sentensi mbili zinatosha: "Inu to issho ni haitte mo ii desu ka?" yaani naweza kuingia na mbwa, alafu "Tennai desu ka, terasu dake desu ka?" ndani au barazani tu. Watakuuliza saizi: kogata ni mdogo, chugata wa kati, ogata mkubwa. Mi nasema Shiba-ken ippiki desu, shiba mmoja, wanaelewa hapo hapo.

Muda mzuri ni asubuhi mapema au saa nane tisa mchana. Jumapili saa sita mchana usijaribu kwa mara ya kwanza, foleni, vigari vya watoto, mbwa wengine, kila kitu kwa pamoja.

Kama huna pa kuanzia Tokyo, zungukia maeneo ya karibu na bustani zenye uwanja wa mbwa kukimbia, kama Komazawa au Yoyogi. Viwanja vyenyewe vinataka usajili na vibati vya sindano, ndo maana nikasema hatua ya kwanza usiruke.

Hatua ya 4: Begi

Mkeka. Vimfuko vya kinyesi, sio kimoja. Chupa ya maji ya kumwagia mkojo barabarani, huku kila mtu anabeba na ukipita bila kumwagia unaangaliwa. Taulo dogo. Waipsi. Bakuli la kukunja. Roller ya kunasa manyoya. Pampasi ya mbwa, ya dume inafungwa kiunoni kama mkanda, kuna sehemu wanaitaka kwa lazima ukiingia ndani. Kamba fupi ya kawaida, zile za kurefuka zenyewe acha nyumbani, zinakata miguu ya watu.

Hatua ya 5: Njiani

Mchoshe kwanza. Mi natembea na Kinako dakika arobaini kabla ya kahawa, ananusa, anakojoa, anafanya haja zote, ndo tunaelekea mgahawani. Mbwa aliyetoka kitandani moja kwa moja akaingia mgahawani atakojolea mguu wa meza, hilo sio kosa lake.

Kiangazi angalia lami. Agosti hapa joto linapita 35 na lami inakuwa kikaangio, weka nyuma ya kiganja chako barabarani hesabu mpaka tano, ukishindwa wewe basi na yeye asikanyage. Juni mpaka katikati ya Julai ni mvua, mbwa mbichi ananuka na anajikung'uta, mkaushe NJE kabla ya mlango.

Ukienda kwa treni za kampuni ya JR East mbwa lazima awe ndani ya kikapu au begi la kufunga, jumla isizidi kilo 10, na vipimo vitatu ukijumlisha visizidi sentimita 120, unakata tiketi yake getini kwa mfanyakazi. Kinako na begi lake anapita kilo 10 kwa hiyo sisi ni miguu tu.

Hatua ya 6: Mlangoni

Simama nje. Hata kama umepiga simu, hata kama unawaona mbwa ndani, usiingie, subiri mhudumu akuone, inamisha kichwa kidogo, sema "inu mo ii desu ka", yaani na mbwa ni sawa? Mfute miguu yote minne pale pale. Hiki kitendo cha kufuta miguu mbele ya mwenye mgahawa kinafungua milango kuliko Kijapani chochote utakachojifunza, kwakweli.

Na ufupishe kamba. Mbwa atembee kati ya mguu wako na ukuta, sio kati ya mguu wako na meza za watu.

Hatua ya 7: Kukaa, hapa ndo watu wanaharibu

Omba kona. Ukuta nyuma, wewe katikati, mbwa ndani. Mbwa akiwa na ukuta mgongoni haangalii kila anayepita.

Kamba utaifunga wapi? Sehemu nyingi zina ndoano ya chuma ukutani au chini ya kaunta, ile ndo kazi yake. Kama hakuna, kanyaga kamba kwa mguu au izungushe pajani kwako. USIFUNGE KWENYE KITI. Mi nilifunga. Ilikuwa mwezi wa pili wa kumtembeza, nimekaa barazani, kahawa imekuja ndo kwanza inatoa moshi, kamba nimeizungusha mguu wa kiti kilichokuwa wazi pembeni yangu, kikapita kigari cha mtoto kimefungwa puto, Kinako akaruka, kiti kikamfuata nyuma kinagonga sakafu, na yeye kadri kinavyogonga ndo anazidi kukimbia, meza ikalala, kahawa yote kwenye suruali ya mzee wa meza ya pili. Watu walisimama wanne kwa mpigo. Mmoja akakanyaga kamba, mmoja akamshika mtoto, mhudumu katoka na vitambaa, na yule mzee ananiuliza mimi kama nimeungua. Nilimwomba nilipie dobi akakataa, mara tatu akakataa, bibi aliposikia akanunua boksi la biskuti tukapeleka pale mgahawani Jumamosi iliyofuata ili limfikie yule mzee. Kinako ilimchukua wiki tatu kukubali tena kukaa karibu na viti vya chuma. Kwa hiyo nikisema usifunge kwenye kiti, elewa.

Kiti cha binadamu sio cha mbwa, mpaka mwenye mgahawa akuambie, na hata akikuambia tandika kitu chako kwanza. Mezani mbwa asipande wala asiweke mguu.

Hatua ya 8: Kuagiza

Kila mtu anaagiza angalau kinywaji kimoja, mbwa hahesabiki. Asubuhi kuna seti inaitwa morning, kahawa na toast na mara nyingi yai la kuchemsha, mji wa Nagoya ndo wametukuza sana huo utamaduni lakini hata huku ipo. Ndo chakula changu cha Jumamosi.

Kuna sehemu zina menyu ya mbwa: sasami ya kuchemsha, yaani ile nyama laini ya kifua cha kuku, viazi vitamu, nyama ya paa iliyokaushwa, vyote bila chumvi. Agiza, mama wa watu naye anafanya biashara. Ila usimpe mbwa kwenye sahani yako wala kwa kijiko cha mgahawa, hiyo watu wanaiona vibaya mno na wana haki. Na chakula chako usimpe kabisa, vyakula vya huku vimejaa vitunguu, kitunguu maji na yale majani ya negi, hata kwenye mchuzi ambao huoni kipande, na vitunguu vinaharibu damu ya mbwa. Chokoleti pia, zabibu pia.

Wenzangu Waislamu, uliza mapema kuhusu nguruwe (buta) na pombe, mchuzi wa kari na hata keki vinaweza kuwa navyo.

Hatua ya 9: Watu wengine

Mbwa wa mwenzio usimguse kabla ya kuuliza. "Nadete mo ii desu ka?" yaani naweza kumpapasa? Ukikubaliwa, chuchumaa pembeni sio mbele, toa mkono chini anuse, usimshike kichwani kwa juu. Mwenye mbwa akikunja uso au akavuta kamba kidogo, hata kama mdomo umesema ndio, jibu ni hapana, hapa watu hawasemi hapana. Picha hivo hivo, omba.

Mbwa wawili wasikutane chini ya meza. Salamu zao ni nje, mkiondoka.

Sasa wewe usiye na mbwa, au unaogopa, au kwako ni suala la dini. Huu mwongozo ni wako pia, maana kuna siku wenzako wa kazini watakupeleka sehemu ya namna hii na huwezi kukataa. Sema tu "Sumimasen, inu wa chotto nigate desu", samahani mbwa siwezi sana. Hakuna atakayekucheka. Watakuhamishia meza ya ndani au kaunta na mwenye mbwa ataomba msamaha yeye. Nina rafiki yangu wa Unguja, anafuata Shafii kama wengi wa pwani, alikuwa anakataa kabisa kuja, tukakaa tukaongea: kwa alivyofundishwa yeye, kikavu kwa kikavu sio tatizo, tatizo ni mate na majimaji, hapo ndo kuosha mara saba na moja yake kwa udongo. Kwa hiyo anakaa kaunta, anauliza kama vyombo vya mbwa vinaoshwa tofauti (pale tunapokwenda ni tofauti kabisa, sinki la nje), na mi namshika Kinako upande wa pili. Anakuja sasa hivi. Ana jaketi lake la kuvaa mgahawani na lingine la kuswalia kwenye begi.

Na mbwa wa kumwongoza kipofu au wa kumsaidia mlemavu huyo sio mgeni wa hiari, sheria ya 2002 inamruhusu aingie sehemu zinazopokea watu kama migahawa, hata pasipo na kibandiko. Usimwite, usimpe kitu, yupo kazini.

Hatua ya 10: Ikiharibika

Akibweka mara moja, mwambie fuse. Akibweka mara ya tatu toka naye nje, kikombe kiache mezani, zunguka nyumba, rudi. Akikataa tena lipa uende, siku yake sio leo.

Akikojoa, usisubiri mhudumu. Pampasi au karatasi juu, nyonya, waipsi, ndo umwambie mhudumu ili apitishe dawa. Kuficha ni kubaya kuliko kukojoa.

Aking'ata mtu, hata kidogo, hata aliyeng'atwa akisema daijobu, yaani sio kitu. Hapa Tokyo mwenye mbwa lazima atoe taarifa ndani ya saa 24 na mbwa apelekwe kwa daktari kupimwa kichaa ndani ya saa 48. Badilishaneni namba, mpeleke hospitali. Usiondoke kimya kimya.

Hatua ya 11: Kuondoka

Usikae masaa matatu na kikombe kimoja. Mi saa moja, nikiona watu wanasubiri nje nanyanyuka kabla.

Pitisha roller kwenye kiti na sakafuni pale mkeka ulipokuwa, kinyesi kama kipo kwenye mfuko ni chako mpaka nyumbani, usitupe kwenye pipa la mgahawa. Lipa kwenye kaunta ya mlangoni, hela weka kwenye kile kisahani sio mkononi mwa mtu, tipu hakuna, ukiiacha mhudumu atakukimbilia nayo mpaka barabarani. Sema "gochisosama deshita", asante kwa chakula.

Alafu rudi. Siku ile ile, saa ile ile, kona ile ile kama ipo wazi, mbwa anapenda hivo na mwenye mgahawa anaanza kukuzoea. Sisi mara ya nne au ya tano hivi nilikuta lile bakuli la Kinako limeandikwa jina lake pembeni kwa maka pen nyeusi, herufi tatu za Kijapani za hiragana, きなこ, limefunikwa kwenye rafu juu ya lile sinki la nje.